Kuonja kwa bure au kwa kulipia: historia ya swali lililofika Bunia

BUNIA, Ituri – Sokoni Bunia, mnunuzi wa karanga huonja moja mbili kabla ya kutoa makuta. Akishanunua, huomba matabishi, na mama muuzaji humwongezea kidogo kwa mkono. Asiponunua huenda zake bila deni. Kuonja ni kabla ya bei, matabishi ni baada ya bei, na hakuna anayechanganya mambo hayo mawili.

Kwenye intaneti yamechanganywa. Tovuti zinazoishi kwa abonema, ziwe za magazeti, za filamu au za masomo, nazo huonjesha: siku saba, siku kumi na nne, mwezi mmoja. Je, kuonja huko kulipiwe? Wakaaji wengi wa Bunia wangejibu haraka kwamba hapana. Lakini historia ya jambo lenyewe inaonyesha kwamba la bure mara nyingi ndilo lililowatoa watu pesa nyingi zaidi.

Sababu ni kadi ya benki. Katika mtindo uliozoeleka Ulaya na Marekani, mteja anaambiwa ni bure, ila aandike kwanza namba ya kadi yake. Siku za kuonja zikiisha naye amesahau, pesa zinakatwa kimyakimya mwezi baada ya mwezi. Malalamiko yalikuwa mengi hata mwaka 2020 kampuni ya Visa ikawataka wauzaji kumkumbusha mteja kabla ya kipindi cha kuonja kwisha. Mtindo huo unafanya biashara na usahaulifu wa mtu.

Magazeti makubwa yalijaribu njia nyingine. Mwaka 2010 The Times la London lilifunga mlango wake na kudai pauni 1 kwa siku au pauni 2 kwa wiki, na wasomaji wa tovuti wakapungua sana. Machi 2011 The New York Times ya Marekani ilipoanza kulipisha, wiki nne za kwanza ziliuzwa kwa senti 99 za dola. Financial Times, iliyokuwa ikiwapa watu makala machache ya bure kila mwezi, iliachana na utaratibu huo mwaka 2015 na kuuza mwezi wa kuonja kwa pauni 1. Hesabu yake si ngumu: aliyetoa pauni moja amekwisha kuonyesha kwamba yuko tayari kulipa, na njia ya kulipa anayo.

Hapo ndipo Bunia inapoachwa nje. Wenye kadi ya benki hapa ni wachache. Simu yenyewe ilianza Zaire kama kitu cha matajiri, wakati Telecel ya miaka ya 1980 ilipowahudumia wakubwa na wafanyabiashara. Kilichoifikisha kwa mwenye duka dogo na kwa mwanafunzi ni unite za kulipia kabla: unanunua kidogo, zikiisha zimeisha, hakuna anayekudai. M-Pesa ilipoingia Congo mwaka 2012 ilifuata njia hiyohiyo. Mwenye simu wa Bunia amezoea kuonja kwa kulipia tangu zamani, ila yeye anakuita kununua mega za siku moja.

Netflix ilipofungua milango Afrika Januari 2016, mwezi wa kwanza ulikuwa bure. Septemba 2021 ikaenda mbali zaidi nchini Kenya: mpango wa bure kwa simu za Android, bila kuomba kadi wala malipo yoyote. Novemba 2023 mpango ukafungwa. Aliyekuwa akitazama bure alitakiwa kulipa au kuacha, lakini angalau hakukatwa kitu asichokubali.

Kukatwa bila kukubali, Wakongomani wanakujua. Kuanzia Septemba 2020 tozo la RAM lilichukuliwa moja kwa moja kwenye unite za simu, hadi dola 7 kwa mwaka kwa mwenye simu ya 3G au 4G. Watu walilalamika mpaka likaondolewa mwaka 2022. Baada ya hapo, tovuti inayosema "bure kwanza, tutakukata baadaye" inamkuta msomaji amekwisha kuumwa na nyoka.

Tena hiyo bure si bure. Kufungua ukurasa kunakula mega, na mega zimenunuliwa. Mwanafunzi wa ISP au wa Université de Bunia anayeonja tovuti ya masomo kwa wiki moja amekwisha kumlipa mwenye mtandao, hata kama mwenye tovuti hajapata kitu. Mwenye tovuti naye ana mafuta ya jenereta ya kununua na waandishi wa kulipa.

Kwa hiyo anayefungua tovuti ya abonema Bunia angefanya vema kuonjesha makala mawili matatu bila kuuliza namba yoyote, kisha auze wiki moja kwa bei ya mega za siku, kwa M-Pesa au Airtel Money, na wiki hiyo ijifunge yenyewe. Ikiisha, atume ujumbe mmoja kuuliza kama mteja anataka kuendelea. Asiyejibu asikatwe.