Uhuru ya Ngomeni na Mzigo Usioonekana

Barabara ya Uhuru inatoka Mnazi Mmoja, inapita ubavuni mwa Kariakoo, kisha inashika njia ya Ilala Boma na Buguruni. Wazee wa mji bado wanaikumbuka kwa jina lake la zamani, Kichwele. Asubuhi, jua likiwa bado pole, mkokoteni unatoka upande wa sokoni. Umefunikwa turubai, kamba zimekazwa, na mpita njia hawezi kujua kilichomo. Lakini matairi yamebonyea. Anayevuta ameinama mpaka kifua kinakaribia chuma, na mwenzake wa nyuma ametanguliza bega. Mzigo hauonekani, uzito unaonekana.

Kariakoo wanaujua ujuzi huo kuliko wengi. Jina lenyewe la mtaa limetokana na wapagazi, kile kikosi cha Carrier Corps ambacho Waingereza walikiweka hapo baada ya kuutwaa mji mwaka 1916. Hadi leo mchukuzi anayeinua gunia la viazi hahitaji kulifungua ili ajue kama ni lumbesa, ule ujazo uliopitiliza ambao Wakala wa Vipimo wanaupiga marufuku. Bega linamwambia.

Wanafalaki nao waliijua maada ya giza kwa njia hiyohiyo. Ni kitu kisichotoa mwanga, kisichouzuia wala kuurudisha, ila kina uzito, na uzito wake unavivuta vile vinavyoonekana. Katika maada yote iliyopo ulimwenguni, karibu asilimia 85 ni hiyo. Miti, bahari, miili yetu, jua na nyota zote ni sehemu ndogo iliyobaki. Na ushahidi mmoja mkubwa wa jambo hili ulianza kupatikana kwa setilaiti iliyorushwa kutoka pwani hii ya Waswahili, ikiitwa kwa neno lilelile la barabara ya Ilala: Uhuru.

Deni la hesabu lilikuwa la zamani. Mwaka 1933 Fritz Zwicky, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi California, alichunguza kasi za galaksi katika kundi liitwalo Coma. Ni mkusanyiko wa galaksi zaidi ya 1,000, ulio mbali kiasi cha miaka ya nuru zaidi ya milioni 300. Alikuta galaksi zile zinakimbia kwa kasi ya kilomita 1,000 hivi kwa sekunde, sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kabla hujamaliza kutamka jina la mji wenyewe. Kwa kasi hiyo kundi lilipaswa kuwa limesambaratika zamani. Nyota zilizoonekana hazikuwa na mvutano wa kulishikilia. Zwicky akakadiria kwamba inahitajika maada mara 400 ya ile iliyoonekana, akaiita kwa Kijerumani maada ya giza. Vipimo vya umbali vya siku zile vilikuwa na kasoro, na wa baadaye walikipunguza sana kiwango chake, lakini pengo halikuzibika. Kwa miaka mingi wenzake walilipita kama vile halipo.

Mwaka 1970 mambo mawili yalitokea. Nchini Marekani, Vera Rubin na Kent Ford walichapisha vipimo vya mzunguko wa galaksi ya Andromeda, vikionyesha kwamba sehemu za pembezoni zinazunguka kwa kasi kubwa kuliko walivyotarajia. Na huku Kenya, Ngomeni, kaskazini ya Malindi, maandalizi ya kurusha roketi yalikuwa yakiendelea baharini.

Mwenye mradi wa Ngomeni alikuwa Mtaliano, Luigi Broglio, mhandisi na ofisa wa jeshi la anga. Alitaka mahali karibu na ikweta, kwa sababu hapo mzunguko wa dunia unaisukuma roketi kuelekea mashariki na kuipunguzia kazi. Nyuzi 3 tu kusini ya ikweta, katika Ghuba ya Ungwana, walisimamisha majukwaa ya chuma yenye miguu iliyokita chini ya bahari. San Marco lilikuwa la kurushia, Santa Rita la kuongozea. Roketi ya kwanza ya kupeleka setilaiti kutoka San Marco iliruka Aprili 26, 1967.

Pwani hii haikuwa ngeni kwa mambo ya anga. Tunguu, Unguja, palikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury, na John Glenn alipoizunguka dunia Februari 20, 1962, sauti yake ilisikika hapo. Kituo kiliondolewa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi.

Setilaiti iliyoletwa Ngomeni mwishoni mwa 1970 ilikuwa ya Marekani, lakini waliokuwa na dhamana ya kuirusha ni Wataliano. Kwenye makaratasi iliitwa SAS-1. Ilikuwa na uzito wa kilo 142, haufiki magunia mawili ya mchele ya kilo mia mia. Msimamizi wa mradi upande wa NASA alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, mhandisi wa umeme. Iliruka Desemba 12, 1970, saa 7 na dakika 53 mchana kwa saa za Afrika Mashariki, siku Kenya inatimiza miaka saba ya uhuru. Townsend akaipa jina la siku. Mpaka leo, katika vitabu vya falaki vya lugha zote, Kijapani, Kirusi, Kijerumani, imeandikwa Uhuru.

Kazi yake ilikuwa kutafuta eksirei. Anayekwenda kupiga picha ya mfupa katika Hospitali ya Amana anazijua kama miale ipenyayo nyama. Angani zinatoka kwenye vitu vyenye joto la mamilioni ya nyuzi, ila hewa ya dunia inazimeza zote kabla hazijatua, na bila hivyo tusingeishi. Kabla ya Uhuru, wanasayansi walirusha roketi ndogo zilizokaa juu dakika chache tu na kuanguka. Kwa njia hiyo Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa aliyehamia Marekani, na wenzake walipata mwaka 1962 chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya mfumo wa jua, kwenye kundinyota la Nge. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kuundwa kwa kazi hiyo peke yake.

Ndani yake hakukuwa na darubini ya kioo wala kamera. Palikuwa na visanduku vya gesi ya agoni vilivyopeana mgongo, kila upande ukiwa na dirisha la bamba jembamba la madini ya berili. Eksirei ikipenya bamba, inagonga atomu ya gesi na kubandua elektroni, na waya uliomo unapokea mshtuko mdogo wa umeme. Mmoja. Kisha mwingine. Setilaiti ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, ikihesabu huku dirisha lake likipita juu ya anga kama tochi ya mlinzi inavyopita ukutani. Kilichoteremshwa duniani ni hesabu tupu, na wanasayansi wakasoma kupanda na kushuka kwake.

Hesabu hizo zilitoa mengi: nyota zilizokufa zinazofyonza gesi ya nyota jirani, na Cygnus X-1, ambayo ndiyo iliyowafanya wengi waamini kwamba mashimo meusi yapo kweli. Katalogi ya nne ya Uhuru, iliyotoka mwaka 1978, ina vyanzo 339. Lakini kwa habari ya maada ya giza, jambo lenyewe lilikuwa Coma, lile kundi la Zwicky. Mwaka 1971 timu ya Uhuru ilitangaza kwamba eksirei zinatoka huko kwa wingi, na kwamba hazitoki kwenye nukta moja. Zimetapakaa, zimeenea katika nafasi kubwa baina ya galaksi, mahali ambapo darubini za kawaida zilionyesha giza tupu. Kundi la Perseus likawa vivyo hivyo. Kwa hiyo kati ya galaksi kulikuwa na kitu.

Wengine walidhani ni gesi ya moto, wengine wakasema ni elektroni zinazokimbia na kugonga mwanga uliozagaa angani. Jibu likaja kwa chombo kingine, na hicho nacho kilitokea Ngomeni. Ariel 5, setilaiti ya Waingereza, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco Oktoba 15, 1974. Miaka miwili baadaye vipimo vyake vya Perseus vilionyesha alama ya atomu za chuma katika eksirei zile. Alama hiyo inatoka kwenye gesi iliyopata joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi.

Hapo mizani ikapatikana. Gesi yenye joto hilo ni kama mvuke ndani ya sufuria: bila mfuniko, inatoka yote. Katika kundi la galaksi mfuniko ni mvutano. Mwanasayansi akijua joto la gesi na jinsi ilivyoenea, anaweza kukokotoa uzito unaoibana. Ilipopimwa, gesi ile ilikutwa ina uzito mara kadhaa ya ule wa nyota zote za kundi, na kwa kitambo ilionekana kama maada iliyofichika imepatikana. Haikutosha. Gesi na nyota zikijumlishwa hazifiki hata robo ya uzito unaohitajika. Zwicky alikuwa ameona ukweli kwa njia ya kasi, na sasa joto likamuunga mkono.

Kati ya majina manane ya waandishi wa katalogi ile ya 1978, halimo hata moja la mtu wa pwani hii. Inauma. Bahari ilikuwa yetu, neno lilikuwa letu, na somo hili lingestahili kufundishwa kwa fahari katika kila shule iliyo kando ya barabara yenye jina hilo. Shule ya Uhuru Mchanganyiko, ambako watoto wasioona husoma pamoja na wanaoona, lingefundishika vizuri kabisa, kwa kuwa katika maada ya giza hakuna binadamu mwenye macho ya kumzidi mwenzake. Wote wanapima.

Uhuru ilinyamaza Machi 1973, na mwaka 1979 ikaungua ikirejea kwenye hewa ya dunia. Roketi ya mwisho kutoka San Marco iliondoka Machi 1988. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002, akafariki mwaka 2018, tarehe 9 Desemba, siku ya uhuru wa Tanganyika. Chandra, darubini kubwa ya eksirei ambayo yeye na Harvey Tananbaum, mwenzake wa tangu siku za Uhuru, waliipendekeza mwaka 1976, ilipaa 1999. Mwaka 2006 ilisaidia kuonyesha makundi mawili ya galaksi yaliyogongana: gesi za pande zote mbili zimekwama katikati, ilhali uzito mkubwa umepita na kuendelea na safari, kana kwamba haukugusana na chochote.

Uzito huo umeundwa na nini? Wanaouliza sasa wamehama angani, wamechimba. Chini ya mlima Gran Sasso, Italia, na katika mgodi wa zamani wa dhahabu wa South Dakota, Marekani, kilomita 1.5 chini ya ardhi, kuna matangi yaliyojazwa tani kadhaa za zenoni ya majimaji, baridi mno, ikilindwa na mwamba dhidi ya miale ya kawaida. Wanangoja chembe moja ya maada ya giza iguse atomu moja, itoe mmweko mmoja hafifu. Agosti 2024 timu ya South Dakota ilitangaza matokeo ya siku 280 za kungoja. Hakuna mmweko uliothibitika, na tangi linaendelea kuhesabu.