Mizani ya Dukani na Mwili wa Mtu

Katika mtaa wa St James's, mjini London, pana duka la mvinyo lililofunguliwa mwaka 1698, ambalo hapo mwanzo liliuza kahawa na bidhaa za jikoni, na ambalo lina mizani kubwa iliyotundikwa kwa ajili ya mizigo ya biashara hiyo. Tangu mwaka 1765 wenye duka walianza kuwapima wateja wao kwa mizani hiyo, wakiandika uzani wa kila mmoja daftarini, kwa kuwa zama zile hapakuwa na mizani ya kupimia watu majumbani, na mabwana wakubwa waliona ni tafrija kuketi pale palipowekwa magunia ili wajue wamezidi au wamepungua. Miongoni mwa majina ya madaftari hayo limo la Lord Byron, mshairi mashuhuri, aliyeuogopa unene kuliko alivyoyaogopa madeni. Mwaka 1806, hajatimiza hata miaka ishirini, alionekana ana ratili 194, yaani kilo 88. Mwaka 1811, baada ya kujitesa kwa njaa, mizani ile ile ilimpa ratili 137 na ushei. Tajiri wa karafuu wa Unguja angesema kwamba bwana huyu ameshuka kutoka frasila tano na nusu hadi pungufu ya nne, wala asingestaajabu, isipokuwa kwa lile la kumpima mtu kama bidhaa.

Kwetu pwani mizani ilikuwa chombo cha pembe, sandarusi na karafuu, na siha ya mtu ilihukumiwa kwa jicho la wenzake. Mwali aliyekaa ndani mikononi mwa somo wake, akalishwa akanawiri, alikuwa ushahidi wa neema ya nyumba yao. Na mtu mzima aliyekonda ghafla aliulizwa, hata kabla ya kuulizwa habari za safari, kama anaumwa au ana dhiki. Mama naye alimfunga mwanawe mchanga uzi wa shanga kiunoni, na uzi ulipobana akajua mtoto anakua, na ulipolegea akajua pana jambo. Hukumu hizo zilikuwa na kasoro zake, kwani jicho hupendelea, na unene wa tajiri ulisifiwa hata pale ulipokuwa ukimwua. Walakini zilikuwa na fadhila moja ambayo majedwali yaliyokuja baadaye yaliikosa, nayo ni kumlinganisha mtu na hali yake mwenyewe ya mwezi uliopita.

Tabibu Santorio wa Padua, katika kitabu chake cha mwaka 1614, alikwisha kueleza habari za kupima mwili wa mtu, naye alijitengenezea kiti kilichotundikwa mizanini, akajipima kabla ya kula na baada ya kula kwa miaka mingi. Lakini alichokitafuta ni kiasi cha jasho na mvuke umtokao binadamu, wala hakuuliza ni uzani gani unaomfaa mtu wa kimo gani. Swali hilo liliingia kwa mlango usiotarajiwa, mlango wa elimu ya falaki.

Adolphe Quetelet, aliyezaliwa Ghent mwaka 1796, alikuwa msimamizi wa jumba la kuangalizia nyota mjini Brussels, na wanafalaki wa siku zake walikuwa na kaida ya kukusanya vipimo vingi vya nyota moja, kila kimoja na hitilafu yake, kisha kutwaa wastani wake kuwa ndio ukweli. Kaida hiyo Quetelet aliihamishia kwa wanadamu. Katika kitabu chake cha mwaka 1835 alionyesha kwamba miongoni mwa watu wazima uzani huongezeka takriban kwa kadiri ya mraba wa kimo: mtu anayempita mwenziwe kimo kwa sehemu moja ya kumi humpita uzani kwa kiasi cha moja ya tano, ilhali kama mwili ungekuwa umepanuka sawasawa pande zote angempita kwa karibu theluthi. Kwa lugha nyepesi, watu warefu si watu wafupi waliokuzwa. Ni wembamba zaidi kwa umbo. Quetelet hakuwa akitafuta dawa ya unene, wala hakumwambia mtu yeyote apunguze kula. Alimtafuta mtu wa wastani, kiumbe ambaye hayupo mtaani, na kanuni yake ilikaa vitabuni zaidi ya miaka mia moja.

Huku nyuma Wafaransa walishika kanuni nyepesi inayonasibishwa na tabibu Paul Broca, ya kutwaa kimo kwa sentimita na kutoa 100, kinachobaki kikawa kilo zinazostahiki. Ni hesabu ambayo mpaka leo utaisikia ikitajwa kwa yakini kubwa na watu wasiojua imetoka wapi. Lakini waliolifanya jambo hili kuwa sheria ya maisha ya kila siku walikuwa wenye bima wa Marekani. Kampuni ya bima ya maisha hustawi pale mteja wake anapoishi sana akilipa ada yake, na hupata hasara anapofariki mapema, kwa hiyo makarani wake walikuwa na sababu iliyo wazi ya kutaka kujua ni miili ipi inayokwenda kaburini haraka. Louis Dublin, mtakwimu wa kampuni ya Metropolitan Life ya New York, alipitia kumbukumbu za waliokata bima, na mnamo mwaka 1942 na 1943 yakatolewa majedwali ya wanawake na ya wanaume, yenye kimo upande mmoja na, upande wa pili, safu tatu za uzani: kwa mwenye mifupa midogo, ya wastani, na mikubwa.

Safu hizo tatu zastahili kutazamwa kwa makini. Watu waliokata bima walipimwa wakiwa wamevaa nguo na viatu, wengine hawakupimwa kabisa bali walitaja uzani wao kwa kinywa, na mifupa yao haikupimwa hata mmoja. Upana wa uzani ulioonekana ukagawanywa mafungu matatu, na kila fungu likapewa jina la umbo. Mtu aliyetaka kujua yu safu gani akaachiwa ajichagulie, na bila shaka aghalabu mnene alijiona ana mifupa mikubwa. Wengine walizungusha kidole gumba na cha kati kwenye kifundo cha mkono, vikikutana wakajihesabu wadogo. Ilipofika mwaka 1983 ndipo majedwali mapya ya kampuni hiyo yalipoambatana na kipimo cha kiwiko: mkono unakunjwa pembe mraba, na umbali kati ya mifupa miwili inayotokeza unapimwa. Kwa miaka arubaini, basi, matabibu walikuwa wakiwasomea wagonjwa safu zisizo na ufunguo.

Ancel Keys, mwanafiziolojia wa Minnesota, hakuyastahi majedwali hayo. Mwaka 1972, pamoja na wenzake, alichunguza wanaume zaidi ya 7,000 wa nchi tano, Afrika Kusini ikiwemo, akilinganisha kanuni mbalimbali na unene wa ngozi iliyobanwa kwa koleo, na kanuni ya Quetelet, kilo kugawanywa kwa mraba wa mita, ikaonekana haishindwi na nyingine, ingawa Keys mwenyewe hakusema kwamba imekamilika. Tukimrudia Byron, aliyekuwa na kimo cha kama sentimita 174, daftari la 1806 linampa karibu 29, na lile la 1811 kati ya 20 na 21. Mipaka ya 18.5, 25 na 30 tunayoisoma kwenye kuta za zahanati ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani katika miaka ya tisini. Marekani ilipoifuata mwaka 1998, ikiacha mpaka wake wa 27 na ushei, mamilioni ya raia waliandikwa wamezidi pasipo kuongeza hata wakia moja. Mwaka 2004 wataalamu wa shirika hilo wakaongeza 23 na 27.5 kwa watu wa Asia, ambao kisukari huwapata wakiwa na miili myepesi zaidi. Afrika haikupewa mipaka yake.

Hata hivyo Afrika Mashariki ilichangia kwa njia nyingine. Derrick Jelliffe, profesa wa maradhi ya watoto Makerere, alikuwa Kampala akiandaa kitabu cha kupima lishe ya jamii kilichotolewa mwaka 1966, na humo alitilia mkazo kuzungusha utepe katikati ya mkono wa juu wa mtoto, kipimo kisichohitaji mizani, wala kimo, wala tarehe ya kuzaliwa ambayo mama huenda hakuiandika. Utepe wa rangi tatu wanaotembea nao wahudumu wa afya vijijini leo ni wa ukoo huo: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na mtoto hupelekwa kutibiwa siku hiyo hiyo.

Watu wazima nao wamerejeshwa kwenye utepe. Daktari Jean Vague wa Marseille alieleza mwaka 1947 kwamba unene wa tumboni una madhara kuliko ule wa nyongani, lakini ilichukua miongo mingi kabla ya kiuno kupewa nafasi kando ya mizani. Mwaka 2022 taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, NICE, iliwashauri watu wazima wahakikishe kiuno hakifiki nusu ya kimo: mwenye sentimita 174 abaki chini ya 87, utepe ukipita katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pumzi ikiwa imetolewa. Wajawazito hawahusiki na hesabu hiyo, wala wale ambao uwiano wao wa uzani na kimo umekwisha pita 35.