Nyumba Iliyochapwa Halban

Halban ipo magharibi ya Maskati, upande wa kuelekea Barka. Huko, katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Kijerumani cha Teknolojia, mwaka 2021 ilijengwa nyumba ya takriban mita za mraba 190 ambayo kuta zake hazikuinuliwa kwa matofali. Zilichapwa na mashine ya BOD2, iliyotengenezwa na kampuni ya COBOD ya Denmaki.

Kazi huanza kwa mchoro wa kompyuta. Programu huukata mchoro huo matabaka matabaka, kisha pua ya mashine hupita juu ya msingi ikimwaga zege, tabaka juu ya tabaka, bila mbao za kufungia. Wazee wa Unguja watafahamu upesi: katika nyumba za mawe, urefu wa boriti ya mkoko ndio ulioamua upana wa chumba. Mashine nayo ina mipaka yake, yaani fremu ya chuma inayosimamishwa kuzunguka kiwanja. Pua haiwezi kufika nje yake.

Kwa maoni yangu, jambo kubwa la Halban ni zege kuliko mashine. Kwingineko wachapaji wengi walitumia mchanganyiko mkavu wa viwandani, wa mifuko na wa ghali. Nchi inayoagiza mashine na mchanganyiko pia, imenunua mtambo tu, haijapata kiwanda. Halban, kwa msaada wa kampuni ya Cemex ya Meksiko, zaidi ya asilimia 99 ya zege ilitokana na vitu vya hapa hapa. Kilichotoka nje ni dawa kidogo ya kuifanya zege ipite kwenye bomba lakini isimame ikishamwagwa. Kwa jua letu hilo si jambo dogo, maana maji hukauka upesi.

Teknolojia hii imefika Afrika pia. Salima, Malawi, kuta za skuli zilichapwa kwa saa 18. Kilifi, pwani ya Kenya, nyumba kumi za mtaa wa Mvule Gardens zilichapwa kwa muda wa wiki kumi.

Saa hizo ni za kuta tu. Msingi, paa, mabomba na umeme bado vinamngoja fundi. Anayepungukiwa na kazi ni mwashi wa kupanga matofali, na nafasi yake inachukuliwa na watu wachache wanaojua kusoma mchoro, kupima zege na kuiendesha mashine.