Emin Pasha: Daktari aliyeanzisha Bukoba, ndui ikamkwamisha

Jina la Emin Pasha linajulikana Bukoba kama la yule aliyewajengea Wajerumani kituo kando ya ziwa mwaka 1890. Kinachosahaulika ni kwamba alikuwa daktari wa kusomea, na kwamba safari yake ya mwisho, iliyoanzia hapohapo Bukoba, ilivunjwa na ndui.

Jina lake la kuzaliwa ni Eduard Schnitzer. Alizaliwa mwaka 1840 mjini Oppeln, wakati huo Prussia, leo ni Opole nchini Poland. Baada ya masomo ya udaktari alikwenda bandari ya Antivari, kwenye himaya ya Waturuki, akafanya kazi ya daktari wa karantini, yaani kuzuia maradhi yasivuke kwa meli na wasafiri. Mwaka 1875 alifika Khartoum, na 1878 akawa gavana wa Equatoria, kusini mwa Sudan. Pasha ni cheo tu, si jina la ukoo.

Stanley alimleta Bagamoyo Desemba 1889. Usiku wa karamu ya kumpokea, Emin, ambaye macho yalikuwa yameanza kufifia, alianguka kutoka dirishani akaumia vibaya. Alipopona akaingia kazini kwa Wajerumani, akaondoka Bagamoyo Aprili 1890, akaanzisha kituo cha Bukoba mwezi Novemba. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miezi 6, pamoja na kusimama Tabora na kwingineko. Shika hesabu hiyo, tutairudia.

Ndui yaingia kwenye msafara

Mwanzoni mwa 1891 Emin aliondoka Bukoba na mwenzake Franz Stuhlmann, wakapita Karagwe, Ziwa Edward, mpaka nchi zilizo magharibi mwa Ziwa Albert. Huko ndui ikawapata.

Ugonjwa huu haukuwa na haraka, na hapo ndipo ulipokuwa hatari. Mtu akishaambukizwa alikaa kama siku 12 akiwa mzima, anabeba mzigo na kula na wenzake. Kisha inakuja homa kali, halafu vipele vinavyojaa usaha mwili mzima. Kwa ile aina kali, kati ya watu 10 wasiochanjwa, karibu 3 walikufa. Waliopona walibaki na makovu usoni, wengine wakawa vipofu. Msafara wa wapagazi wanaolala pamoja kila usiku ulikuwa njia nzuri kabisa kwa ndui.

Emin akarudi kwenye kazi yake ya ujana: akatenganisha watu. Tarehe 10 Desemba 1891 alimwamuru Stuhlmann aondoke na wazima kuelekea Bukoba. Yeye mwenyewe, karibu haoni, akabaki na wagonjwa. Stuhlmann alifika Bukoba Februari 1892. Emin hakurudi tena. Baadaye alielekea magharibi ndani ya Kongo, na huko aliuawa Oktoba 1892, kwa amri ya mmoja wa wakubwa wa biashara ya pembe na watumwa.

Kwani chanjo haikuwepo?

Ilikuwepo, tena ilikuwa na karibu miaka 100. Mwaka 1796 daktari Edward Jenner wa Uingereza alichukua majimaji ya kipele cha ndui ya ng'ombe kutoka mkononi mwa mkamuaji, akamchanja nacho mtoto wa miaka 8, James Phipps. Baadaye akamtia ndui yenyewe, na mtoto hakuugua. (Leo jaribio kama hilo kwa mtoto lisingeruhusiwa popote.) Jenner alichapisha matokeo 1798, akatumia miaka iliyofuata kuandika barua, kugawa dawa kwa madaktari wengine na kuchanja maskini bure kijijini kwake.

Shida ilikuwa usafiri. Majimaji yale yaliharibika upesi kwenye joto. Mwaka 1803 daktari Mhispania, Francisco Xavier de Balmis, alivuka Atlantiki na watoto yatima 22, akiwachanja wachache wachache kwa zamu ili chanjo ifike Amerika ikiwa hai ndani ya mikono yao. Sasa rudi kwenye ile hesabu: miezi 6 na zaidi kwa miguu, juani, kutoka Bagamoyo mpaka Bukoba. Dawa ya kwenye kichupa ingefika ikiwa maji tu.

Kwa hiyo kilichomkwamisha Emin hakikuwa ujinga wa daktari wala ukaidi wa wapagazi. Ilikosekana chanjo inayovumilia joto.

Ilipatikana miaka ya 1950, Leslie Collier wa Uingereza alipofanikisha njia ya kuikausha chanjo kwa kuigandisha, ikaweza kukaa muda mrefu bila friji. Miaka ya 1960 ikaja sindano yenye ncha mbili, rahisi kiasi kwamba mchanjaji alifundishwa kwa muda mfupi. Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilianza kampeni kali: tafuta mgonjwa, mtenge, chanja wote wanaomzunguka. Yaani karantini ya Emin, safari hii na chanjo ya Jenner juu yake.

Mgonjwa wa mwisho duniani aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, aliyetokwa na vipele Oktoba 1977. Alipona. Tarehe 8 Mei 1980 ndui ikatangazwa kuwa imetokomezwa. Ndiyo maana kovu la chanjo ya ndui liko kwa wazee tu. Vijana wenye kovu begani, hilo kwa kawaida ni la BCG, chanjo ya kifua kikuu.

Bukoba tena

Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa Bukoba Vijijini. Chanjo iliyoidhinishwa hakuna, hivyo kazi ikawa ileile ya 1891: kutenga wagonjwa na kufuatilia kila aliyewagusa. Walioambukizwa walikuwa 9, wakiwemo wahudumu wa afya, na waliokufa ni 6. Tarehe 2 Juni mwaka huohuo mlipuko ulitangazwa kuwa umekwisha, bila kuvuka mkoa wa Kagera.