Kutoka Kilimanjaro Hadi Saxony: Vijana wa Usharika Wetu Katika Safari ya Umisioni Ng'ambo

Katika kitabu hiki cha miaka mia moja wasomaji watakutana na historia ya majengo, kwaya, wazee wa kanisa na wachungaji waliotutangulia. Nimeombwa na Baraza la Wazee niandike juu ya jambo ambalo huenda wengine wangeliona dogo: safari ya vijana wetu kwenda Ujerumani mwaka 2014, ambayo nilipewa dhamana ya kuiongoza. Mimi naamini si jambo dogo. Safari hiyo inagusa swali lililokuwapo tangu usharika wetu ulipozaliwa, nalo ni hili: katika Kanisa la Kristo, nani ni mtumaji na nani ni mtumwa?

Ili tuelewe swali hili hatuna budi kurudi nyuma. Shirika la Misioni la Leipzig lilianzishwa mjini Dresden mwaka 1836, likahamia Leipzig mwaka 1848. Kwa miaka mingi shamba lake kubwa lilikuwa India Kusini, miongoni mwa Watamili. Mwaka 1893 wamisionari wake walifika Kilimanjaro, wakaanza kazi Machame, na baadaye wakaenea Mamba, Moshi na kwingineko. Mwaka 1896 wamisionari wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, Meru, nalo jeshi la serikali ya kikoloni likalipiza kisasi kwa ukali mkubwa juu ya wenyeji. Hivyo tangu mwanzo Injili ilifika kwetu ikiwa imefuatana na bunduki ambayo si yake, na wazee wetu walilazimika kujifunza kutofautisha sauti ya mmoja na ya mwingine.

Usharika wetu ulianza katika miaka ya 1920. Jambo hili lina maana kubwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya Waingereza iliwaondoa nchini karibu wamisionari wote wa Kijerumani, nao walikuwa wamekwisha kuondoka mwaka 1920. Kanisa halikufa. Walimu wenyeji, wengi wao wakiwa vijana wasio na familia kubwa wala vyeo, waliendelea kufundisha watoto, kuongoza ibada na kuwaandaa watu kwa ubatizo. Walutheri wa Sinodi ya Augustana kutoka Marekani walikuja kusaidia, na kuanzia mwaka 1925 Wajerumani wa Leipzig wakaanza kuruhusiwa kurudi. Waliporudi walikuta Kanisa linalotembea kwa miguu yake. Mwaka 1934 wachungaji wa kwanza wa Kichagga waliwekewa mikono. Mwaka 1960 Mchungaji Stefano Moshi aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Kanisa la Kaskazini, na tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, yeye akiwa Mkuu wake wa kwanza.

Wakati Kanisa letu likikua, Kanisa lililotutuma lilikuwa likipita katika bonde la machozi. Baada ya Vita Kuu ya Pili mji wa Leipzig uliangukia upande wa mashariki, ndani ya dola lililoanzishwa mwaka 1949 na ambalo halikumpenda Mungu kutajwa hadharani. Kijana aliyechagua kipaimara aliweza kunyimwa nafasi ya kusoma. Tarehe 30 Mei 1968 Kanisa la Chuo Kikuu cha Leipzig, ambalo lilikuwa zima na lenye kutumika, lilibomolewa kwa baruti kwa amri ya serikali. Nyumba ya Misioni ilibaki, lakini kwa wengi waliokuwa ndani yake barabara ya kuja Kilimanjaro ilikuwa imefungwa. Sisi tuliokuwa shuleni miaka hiyo tuliwaona wageni wengi kutoka Ujerumani ya Magharibi na Marekani, na wachache mno kutoka mji ule ambao jina lake tulilisikia kila ilipokuja sikukuu ya misioni.

Nilipokuwa mwanafunzi Makumira tulifundishwa juu ya mkutano wa kimataifa wa misioni uliofanyika Willingen, Ujerumani, mwaka 1952. Katika mkutano ule viongozi wa makanisa walitambua upya kwamba umisioni si mali ya shirika fulani wala bara fulani. Ni kazi ya Mungu mwenyewe, na Kanisa, popote lilipo, huitwa kushiriki. Darasani fundisho hili lilionekana jepesi. Uzito wake ulionekana siku usharika wa kijijini ulipoulizwa kama uko tayari kutuma.

Mwaliko ulitoka kwa usharika mmoja wa vijijini katika jimbo la Saxony. Hawakuomba kwaya ya kutumbuiza. Waliomba vijana wa kukaa nao majumbani, kufanya kazi pamoja nao, kusoma Biblia pamoja na watoto wa kipaimara, na kuwatembelea wazee. Baraza la Wazee lilijadili barua hiyo katika vikao vitatu. Mzee mmoja, ambaye sasa ametangulia mbele za haki, alisimama akasema: "Mchungaji, paa la kanisa linavuja upande wa kwaya. Tutawaambiaje Wakristo watoe fedha ili watoto wapande ndege?" Hoja hiyo ilikuwa ya haki. Ilijibiwa na mama mmoja wa Umoja wa Wanawake: "Wale waliokuja kwetu, kwao hakukuwa na paa linalovuja?" Baada ya majadiliano marefu iliamuliwa kwamba paa litengenezwe kwanza, kisha safari ichangiwe kwa minada ya Jumapili. Wanaojua minada yetu watakumbuka jinsi mkungu mmoja wa ndizi ulivyoweza kununuliwa, ukarudishwa, ukanunuliwa tena mara nne. Mayai, kuku, mahindi na kahawa vilipeleka vijana Ulaya. Wenyeji wetu waligharimia malazi na chakula. Nauli, kwa sehemu kubwa, ilitoka madhabahuni petu.

Vijana kumi na wawili walichaguliwa, na maandalizi yakachukua muda wa miezi tisa. Kila Jumamosi tulisoma kitabu cha Matendo ya Mitume, hasa habari za Antiokia, usharika mchanga uliowaachilia walimu wake bora waende mbali. Tulijifunza Kijerumani cha kusalimiana na cha kuomba radhi. Tuliweka pia kanuni tatu, nazo ziliandikwa na vijana wenyewe. Kwanza, hakuna atakayeomba fedha, ada wala simu kwa mwenyeji. Msaada wowote utakaotolewa utapitia kwa mtunza hazina wa usharika. Pili, kila mmoja atafanya kazi atakayopewa pasipo kuchagua. Tatu, waliokwenda wote watarudi.

Kanuni ya tatu ilikuwa na sababu yake. Tulipoomba viza, vijana wawili walikataliwa. Hawakuwa na ajira rasmi wala shamba lililoandikwa kwa majina yao; kwetu kihamba huwa cha baba hadi siku ya kugawiwa. Ofisi husika haikuona uthibitisho kwamba wangerudi nyumbani. Habari hiyo ililiumiza kundi. Wengine walipendekeza safari ivunjwe, kwa kuwa mwili wa Kristo haugawanywi kwa mhuri. Baada ya sala ya usiku mzima wale wawili wenyewe walisema: "Nendeni. Sisi tutatumwa hapa." Jumapili ya kuagwa wote kumi na wawili walipiga magoti, na wote waliwekewa mikono. Kwa muda wa majuma manne yaliyofuata wawili hao walitembelea wagonjwa wa usharika nyumba kwa nyumba, na taarifa yao ilisomwa siku ile ile iliposomwa taarifa ya waliotoka ng'ambo.

Huko Saxony vijana walikutana na mambo ambayo hawakuyatarajia. Walizoea kanisa ambamo anayechelewa husimama nje. Walikuta jengo la kale lenye kinanda kizuri na waabudu wachache, wengi wao wazee. Katika mashariki ya Ujerumani wengi wa wananchi si washiriki wa kanisa lolote, na watoto wengi hukua pasipo kusikia habari za Yesu nyumbani. Siku za kwanza baadhi ya vijana wetu walinong'ona kwamba imani imekufa huku. Wenyeji wakatupeleka mjini Leipzig, katika Kanisa la Mtakatifu Nikolao. Humo, kuanzia mwaka 1982, watu walikusanyika kila Jumatatu kuombea amani, mara nyingine wakiwa wachache sana. Tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 walitembea katika barabara za mji ule wakiwa na mishumaa na maombi, mbele ya askari wenye silaha, na risasi hazikufyatuliwa. Mwezi uliofuata ukuta wa Berlin ulifunguka. Baada ya kusikia habari hizo hakuna kijana aliyesema tena kwamba wachache maana yake ni wafu.

Kazi waliyoifanya haikuwa ya kutangazwa. Walipaka rangi uzio wa makaburi, walicheza na watoto wa chekechea, waliimba katika nyumba ya kutunzia wazee. Bibi mmoja wa miaka zaidi ya tisini aliwaeleza kwamba katika miaka ambayo hawakuruhusiwa kusafiri, usharika wake uliendelea kuiombea Tanzania kwa majina ya vijiji, wasijue kama kuna anayeyasikia maombi yale. Akawaomba wamwombee mjukuu wake aliyeliacha kanisa. Binti yetu mmoja akapiga magoti karibu na kiti chake, akaomba kwa Kiswahili. Hakuna aliyetafsiri, na hakuna aliyeomba tafsiri.

Kulikuwa pia na jioni ngumu. Kijana wetu anayetoka ukoo wa Old Moshi aliwauliza vijana wenzake wa Kijerumani kama wanajua habari za Mangi Meli, aliyenyongwa na wakoloni mwezi Machi 1900 pamoja na viongozi wengine, na ambaye wazee wetu husimulia kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Kulikuwa na ukimya mrefu. Mwenyeji mmoja alijibu kwamba shuleni hakuwahi kufundishwa jina hilo. Nilifikiri jioni ingeharibika. Badala yake wenyeji waliomba wasimuliwe yote, na ibada ya usiku ule ikawa ibada ya toba na maombolezo. Swali la kijana yule halikuwa la uchokozi. Mwaka 2023 watafiti wa makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeonyesha uhusiano kati ya baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa huko na familia zilizo hai Kilimanjaro. Na mwezi Novemba mwaka huo huo Rais Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha mjini Songea kwa maovu ya utawala wa Kijerumani. Ushirika wa makanisa usioweza kubeba habari kama hizi ni ushirika wa zawadi tu, na zawadi huchakaa.

Wote kumi walirudi. Siku ya mwisho wenyeji walitaka kumpa kijana mmoja fedha za ada, kwa kuwa walikuwa wametambua hali ya nyumbani kwake. Alishukuru, akaeleza kanuni yetu, na fedha hizo zikatumwa kwa utaratibu wa usharika. Ziliwasaidia wanafunzi watatu, yeye akiwa mmojawapo. Naandika jambo hili kwa sababu wapo wanaosema kwamba vijana wetu huenda ng'ambo kutafuta wafadhili. Hawa walionyesha kwamba mtu anaweza kuwa mhitaji na bado akatumwa kama mtoaji.

Tangu wakati huo milango imeendelea kufunguliwa. Mpango wa serikali ya Ujerumani wa kujitolea kwa vijana, uitwao weltwärts, ulianza mwaka 2008 kwa kuwaleta vijana wa Kijerumani katika nchi zetu. Kuanzia mwaka 2013 ulipanuliwa ili vijana wa nchi zetu nao waende kuhudumu kule. Lakini ikumbukwe kwamba Kanisa letu halikungoja Ulaya ifungue mlango ndipo lijue kutuma. Watumishi wa KKKT walivuka mpaka kwenda Kenya, na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Kenya ni tunda la kazi hiyo. Mtu hahitaji kupanda ndege ili awe mtumwa wa Kristo.

Tunapoingia karne ya pili, KKKT ina waumini zaidi ya milioni 7 na ni miongoni mwa makanisa makubwa ya Kilutheri duniani. Wingi huu unaweza kutulewesha. Makanisa ya Saxony nayo yalikuwa yamejaa wakati walipomtuma mmisionari wa kwanza kwetu. Kwa hiyo nawasihi wazee watakaoketi katika Baraza baada yetu: mnapopanga bajeti, msiache kifungu cha kutuma, hata ukiwa mwaka wa paa kuvuja. Chagueni vijana kwa imani na tabia, si kwa majina ya wazazi wao. Waandaeni kwa muda mrefu, wafundisheni historia yote, iliyo ya heshima na iliyo ya uchungu. Nao watakaonyimwa viza, wekeeni mikono vile vile, kwa maana Bwana wa mavuno ana mashamba pande zote mbili za bahari.