Urani ya Shinkolobwe na Kifungu cha Tisa

Mengi yaliyoandikwa juu ya Shinkolobwe huishia Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, wala hatukatai kwamba sehemu kubwa ya urani ya bomu lile ilichimbwa kwetu Katanga. Makala haya yanatazama upande usiozungumzwa sana: jinsi urani hiyo ilivyofungua njia ya fueli ya nyuklia, na ni nani aliyeota moto wake. (Fueli ni neno geni kwetu. Lubumbashi hadi Likasi, kinachowashwa jikoni huitwa makala, neno ambalo wenzetu wa pwani wamelihifadhia maandishi kama haya.)

Madini hayo yaligunduliwa mwaka 1915, na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ikaanza kuyachimba 1921. Kilichotafutwa siku zile ni radiamu, iliyosafishwa Olen, Ubelgiji, kwa ajili ya tiba. Urani yenyewe ilikuwa kama pumba, ikiuzwa kwa watia rangi vyombo vya udongo. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkurugenzi wa kampuni, alipeleka New York tani zipatazo 1,200 za mawe, ambayo oksidi ya urani ilifikia hadi asilimia 65. Jeshi la Marekani likayanunua mwaka 1942.

Tarehe 26 Septemba 1944 Ubelgiji, Uingereza na Marekani zilifanya mapatano ya siri. Uingereza na Marekani zilijipatia urani ya Kongo; na katika kifungu cha tisa zikaahidi kwamba, iwapo madini hayo yatakuja kutumiwa kuzalisha nishati ya biashara, Ubelgiji itashirikishwa kwa masharti ya haki. Kifungu hiki chastahili kusomwa mara mbili. Vita havijaisha, bomu halijalipuka, nao wamekwisha kugawana joto la kesho. Mwenye ardhi hakuitwa.

Joto lenyewe hupatikana hivi. Katika urani ya asili, aina ya 235, ambayo kiini chake hupasuka kwa urahisi, ni asilimia 0.7 tu. Kwa vinu vingi vya umeme huongezwa hadi asilimia 3 au 5, kisha urani hufanywa vidonge na kupangwa ndani ya mirija ya madini. Viini vinapopasuka maji huchemka, na mvuke huzungusha mitambo ya umeme.

Ubelgiji iliwasha kinu cha BR1 huko Mol mwaka 1956, na BR3 mwaka 1962; vinu vikubwa vya Doel na Tihange vilifuata katika miaka ya 1970. Hatudai kwamba vyote viliunguza jiwe la Katanga. Tunachodai ni kwamba jiwe hilo ndilo lililoilipia Ubelgiji kiti cha mbele katika elimu hiyo.

Kongo nayo ilipata TRICO I, katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Léopoldville, mwaka 1959: kinu cha kwanza barani Afrika, chenye nguvu ya kilowati 50. Kilisifiwa, na kilistahili sifa, kwani wanafunzi walijifunza humo. Lakini kilikuwa cha utafiti, hakikuwasha taa hata moja mjini, na fueli yake ilitoka Marekani ikiwa tayari imetengenezwa. TRICO II, cha megawati 1, kilianza mwaka 1972 na kusimamishwa 2004.

Mwaka huohuo wa 2004 serikali iliamuru Shinkolobwe ifungwe. Mashimo ya chini yalikuwa yamezibwa kabla ya uhuru wa 1960, ila wachimbaji wa mikono walikuwa wamerudi, safari hii wakitafuta kobalti. Mwezi wa Julai, amri ikiwa imekwisha kutolewa, ardhi iliporomoka juu yao, na wengine wakafa humo.