Kwa nini programu ya simu hujifunga ukishapokea simu na kurudi?

Umefungua programu kwenye simu, umefika katikati ya kujaza fomu, mara simu inaita. Unapokea, mnaongea dakika kumi, kisha unarudi kwenye fomu yako. Programu inajifunga papo hapo, au inakuonyesha ukurasa mtupu. Wengi hudhani wamebonyeza vibaya au simu imeharibika. Sababu moja ya kawaida imo ndani ya programu yenyewe: kitu kimoja kimeitwa kazini kabla hakijaandaliwa. Katika makala haya tunaeleza kosa hilo na unachoweza kufanya.

Singletoni ni nini?

Ndani ya programu kuna vitu vinavyotengenezwa mara moja tu na kutumiwa na sehemu zote. Waandishi wa programu huviita singletoni, jina lililoenea kupitia kitabu cha Design Patterns kilichotoka mwaka 1994. Mfano ni kile kinachokumbuka ni nani aliyeingia kwenye programu.

Tufananishe na kituo cha redio. Mtambo wa kurushia matangazo ni mmoja, na watangazaji wote wanautegemea. Asubuhi fundi huwasha umeme, kisha mtambo, ndipo mtangazaji anaanza kuongea. Mtangazaji akitangulia, atasalimia vizuri kabisa, lakini salamu hazitamfikia mtu. Vifaa vyote ni vizima. Kilichokosewa ni nani atangulie.

Mpangilio huvurugikaje?

Baadhi ya programu za Android huandaa singletoni kwenye ukurasa wa kwanza. Simu ikiishiwa RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, Android huzima programu ambazo huzitazami kwa wakati huo, bila kukuuliza. Ukirudi, programu huanzishwa upya, lakini unapelekwa moja kwa moja kwenye ukurasa ulioishia. Ukurasa wa kwanza haukupitiwa, kwa hiyo singletoni ni tupu. Fomu inaiomba taarifa, haipati, na programu inajifunga.

Ndiyo maana tatizo hili huonekana zaidi kwenye simu zenye RAM ndogo. Mwandishi wa programu mwenye simu kubwa anaweza kuijaribu wiki nzima asilione.

Lugha ya C++ ina kosa la ukoo huo huo. Vitu vya pamoja vilivyo kwenye faili moja huandaliwa kuanzia juu kwenda chini. Vikiwa kwenye faili tofauti, lugha haisemi kipi kitangulie. Programu iliyofanya kazi jana inaweza kugoma leo baada ya faili kuunganishwa kwa mpangilio mwingine.

Wewe ufanye nini?

- Hifadhi ulichoandika kabla ya kupokea simu au kufungua kamera, kama programu inaruhusu.
- Ikijifunga, iondoe kwenye orodha ya programu zilizofunguliwa karibuni, kisha uifungue upya ili ianzie mwanzo.
- Kama ulikuwa unatuma pesa, angalia kwanza ujumbe wa uthibitisho na salio. Ukirudia haraka unaweza kutuma mara mbili.
- Usikimbilie kufuta data ya programu wala kuiondoa. Kumbukumbu zilizo ndani ya simu tu, kama michango ya kikundi chenu, zinaweza kupotea kabisa.
- Sasisha programu. Tatizo likiendelea, waeleze wenye programu aina ya simu yako, toleo la Android na hatua ulizopitia. Wataje kwamba ilijifunga uliporudi kutoka kwenye simu au programu nyingine. Hapo ndipo watakapoanzia kutafuta.

Kwa vijana wanaoandika programu

Ukurasa wowote usidhani kwamba mwenzake umetangulia. Singletoni ijiandae yenyewe inapoombwa mara ya kwanza, na taarifa za mtumiaji ziandikwe kwenye hifadhi ya simu, zisibaki kwenye RAM peke yake. Kabla hamjaitoa programu, ijaribuni kwenye simu ya bei nafuu: fungua fomu, jaza nusu, fungua programu nyingine kadhaa, kisha urudi. Ikikupokea na maneno yako yote, iko tayari kwenda kwa watu.